Kwa Amri ya Président

Sheria za Immeuble Bahati zilitungwa na mzee Barthélemy Cirhuza kwa mkono wake mwenyewe: kurasa kumi na moja za Kifaransa cha inspekta wa shule, vifungu thelathini na viwili, ambavyo hakuna jirani hata mmoja aliyevisoma mpaka mwisho. Hawakuwa na haja. Siku zile ugomvi wa jengo ulikuwa juu ya nani anamwaga maji machafu dirishani na nani anakaanga makayabu mpaka ngazi nzima inanuka samaki wa chumvi. Familia kumi na mbili zilikuwa zimenunua nyumba kumi na mbili kutoka kwa warithi wa tajiri aliyelijenga jengo, zikaunda komite, na Barthélemy akapewa cheo cha makamu wa président kwa ajili ya mvi zake na kalamu yake. Alikipenda cheo kile kuliko alivyokubali watu waone.

Mwezi wa pili mji wetu wa Bukavu ukabadilisha watawala: waasi wakaingia. Président wa komite alivuka mpaka na familia yake asubuhi na mapema, bila kuaga mtu. Tatiana, aliyekuwa secrétaire, alikwenda Kampala kwa dada yake kwa wiki mbili tu, na wiki zile mbili bado zinaendelea. Viti viwili vikabaki wazi. Na kifungu cha tisa kilisema bila kificho, kwa maandishi mazuri ya Barthélemy mwenyewe, kwamba kiti cha président kikiwa wazi makamu anakikalia mpaka mkutano mkuu uchague mtu mwingine. Mzee wetu alijifunga kamba mwenyewe, na alipokuwa akikaza fundo alikuwa akitabasamu.

Mtu anayependa vyeo angeruka kwa furaha. Lakini wakubwa wapya wa mji walikuwa na desturi yao. Hawakugonga wenyewe milango ya watu. Walimwita président wa jengo, wakamtanguliza mbele kwenye ngazi, yeye akagonga, yeye akataja nani analala wapi na anafanya kazi gani. Akificha neno, linamrudia yeye na watu wake. Na katika nyumba ya Barthélemy, ghorofa ya nne chini ya mabati, juu ya mbao za plafond, yaani dari, ya jikoni, alikuwa amejificha mtoto wake wa pekee.

Raphaël alikuwa polisi wa roulage, wale wanaosimama katikati ya njia panda na filimbi mdomoni. Miaka mitatu alisimamisha pikipiki pale Nyawera, hatua chache tu kutoka Immeuble Bahati, na bado hakuwahi kupanda ngazi za baba yake hata siku ya Noeli. Baba alimwonea haya. Inspekta mzima, aliyesahihisha walimu kuanzia Bukavu mpaka Lwiro, azae mtu wa kupuliza filimbi barabarani. Kwa hiyo aliwaambia majirani kwamba mtoto wake anasoma uhandisi Lubumbashi, akamwamuru Raphaël abaki kwenye chumba alichopanga kule Panzi. Basi uongo ule wa majivuno ndio uliomwokoa kijana. Polisi wote wa zamani walipoitwa wajiandikishe, wakapandishwa kwenye malori kwenda kufundishwa upya, na siku zikapita bila hata mmoja kurudi, Raphaël alikuja kwa baba yake mchana kweupe, amevaa koti la mchungaji aliloazima, na hakuna jirani aliyejua ni nani anapita.

Kifungu cha tisa kilitaka mkutano mkuu utangazwe siku kumi na tano kabla. Barthélemy alikuwa na haraka, akautangaza kwa siku sita. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekijua kifungu.

Walikutana uani siku ya Dimanche baada ya misa ya pili, watu tisa kwenye viti vya plastiki. Kila mmoja alikuja na sababu yake tayari. Huyu ana tension, presha ya damu, yule anasafiri kila mara, mwingine kazi yake haimruhusu. Walipomaliza kueleza magonjwa yao wakageuka wote kumtazama Barthélemy. Salima, mfanyabiashara wa vitenge ambaye ukoo wake ulitoka Uvira, ndiye aliyelisema walilokuwa nalo moyoni: yeye tayari ni makamu, basi aendelee tu, wamalize wakapike.

Barthélemy akasimama. Usiku uliotangulia hakulala kwa kulipanga jambo hili, na sasa alilitoa taratibu, kama mwalimu anayeandika ubaoni. Alisema sheria haidai popote kwamba anayechaguliwa awepo mkutanoni. Akasema anapendekeza Luc, wa nyumba namba saba.

Luc alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Alikwenda Shabunda mwezi wa kwanza, ndege zikasimama, barabara zikajaa vizuizi, na tangu hapo alikuwa sauti tu, inayosikika mara moja kwa mwezi akipata mlima wenye mtandao.

"Président mwenye haiko, hakuna mutu anaweza kumuita," Barthélemy akasema. "Wakikuya kutuuliza, tutawaambia ukweli. Président iko mu safari."

Watu walitazamana. Kisha mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata, na kilikuwa kicheko cha kwanza uani pale tangu mwezi wa pili. Wakapiga makofi. Makofi ndiyo kura kwetu: mtu akitajwa na makofi yakalia, mambo yamekwisha, hakuna karatasi wala sanduku. Salima alikubali kuwa secrétaire kwa sharti kwamba ataandika tu na hatazungumza na mtu yeyote mwenye buti. Viti vyote viwili vikawa vimejazwa kwa nusu saa. Barthélemy alipanda ngazi zake mwepesi kama kijana, akagonga plafond kwa mpini wa fagio na kumwambia mwanawe kwamba wamepona.

Mkewe Luc hakuwepo mkutanoni, alikuwa kwenye kwaya. Jina lake Mapendo, mama wa wasichana wawili, mshonaji wa uniforme za shule. Hakuna aliyempigia kura, na hakuna aliyemfikiria. Hapo ndipo lilipolala kosa, na ni kosa letu sisi wenyewe, huwezi kumsingizia mgeni. Kwetu mke wa pasta ni mama pasta hata kama hajui Mathayo iko wapi kwenye Biblia. Mke wa directeur ni maman directrice, hata kama yeye hajawahi kuingia darasani. Mapendo alirudi saa saba na kitabu cha nyimbo kwapani, na zamu, mlinzi wa mlangoni, Assani, aliyekuwa amesikia makofi, akamfungulia geti kwa heshima zote na kumwambia karibu, Maman Présidente.

Alicheka. Aliuliza ni mchezo gani huu, akaelezwa, akacheka tena. Lakini jioni ile watu watatu walimgongea mlango juu ya pampu ya maji, na kesho yake wawili juu ya mfereji ulioziba, na Mapendo alikuwa mmoja wa wanawake wasioweza kuona uchafu na kuupita. Akamtafuta fundi wa pampu. Akawagawia akina mama zamu za kuosha ngazi, na ngazi zikaoshwa. Kufika mwezi wa tano Immeuble Bahati ilikuwa inatawaliwa vizuri kuliko wakati wowote, na président wake alikuwa porini akisubiri barabara.

Barua za wakubwa wapya zilipoanza kuja, Mapendo alizipandisha ghorofa ya nne. Barthélemy alimkaribisha sebuleni, akavaa miwani, akamfundisha. Mtu anayesaini karatasi kwa jina la mkubwa wake, alimweleza, anaandika kwanza herufi mbili, P.O., par ordre, halafu jina la mkubwa, halafu anaweka saini yake mwenyewe. Ndivyo makatibu wote wa ofisi wanavyofanya tangu enzi za Wabelgiji. Herufi zile zinamkinga mwenye kusaini, neno halimpati. Mzee aliamini alichokuwa anafundisha. Mapendo alifanya mazoezi nyuma ya cahier ya shule ya Lydie, binti yake mkubwa, P.O. na P.O. mpaka ukurasa ukajaa.

Mwezi wa sita ilikuja barua iliyokuwa na uzito. Kila jengo lipeleke liste ya watu wote wanaolala ndani, jina, umri na kazi, kwa siku tatu, yenye saini ya président.

Mapendo hakutaka kuandika kwa kusikia. Alizunguka mlango kwa mlango. Alifika kwa Barthélemy saa nane mchana, bila kutarajiwa, na mlango haukuwa umefungwa sawasawa. Mezani kulikuwa na sahani mbili za fufu na lenga-lenga, zote mbili zimeliwa nusu, zote mbili bado zinatoa mvuke. Mzee wa ghorofa ya nne alifiwa na mkewe na alikuwa anaishi peke yake, jengo zima lilijua hivyo.

"Papa, uko unakula na nani?"

Mbao za plafond zikalia kidogo. Barthélemy alitazama juu, na alipokwisha kutazama juu hakuwa na haja tena ya kujibu. Alimweleza yote: roulage, Lubumbashi ambayo haikuwepo, malori. Alipofika kwenye malori akapiga magoti mbele ya mwanamke aliyelingana na binti ambaye hakujaliwa kumpata, na hakuona haya, hofu ilikuwa imeimaliza haya yote aliyokuwa nayo.

"Maman Présidente," akasema, "andika mutu mumoja."

Kalamu ya Mapendo ilisimama juu ya karatasi.

"Hii liste iko na jina ya bwana yangu, papa," akasema mwishowe. "Wakiona uongo, ni yeye iko amebongopa."

"Najua."

"Mie pia niko muzazi," akasema, na akaandika: Barthélemy Cirhuza, miaka sabini na moja, retraité, yaani mstaafu, mutu mumoja. Alipofika mlangoni akageuka na kumwomba jambo moja tu, kijana asikaribie dirisha.

Sasa sikiliza, maana hili linanichoma kila nikilikumbuka. Kifungu cha kumi kilisema kwamba président akiwa safarini, makamu ndiye anayesaini. Barthélemy alikijua kifungu kile kama jina lake la ubatizo. Angeweza kuichukua liste ile mikononi mwa Mapendo na kuweka saini yake chini ya uongo uliokuwa wake. Hakufanya hivyo. Alimsindikiza mpaka ngazini, na kwa upole kabisa akamkumbusha asisahau P.O.

Raphaël alivumilia wiki tatu nyingine. Usimlaumu sana. Miezi mitano alikuwa amelala juu ya mbao, amekunja magoti, anashuka kula na kujisaidia tu. Madirisha ya nyumba yao yalitazama ziwa, lakini ngazini, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, kulikuwa na dirisha dogo linaloona Nyawera. Siku moja saa sita mchana, baba amekwenda kununua makala ya kupikia, ngazi tupu, akatoka kwa miguu mitupu akasimama pale. Alitaka kuiona njia panda yake, basi. Akaona pikipiki na magari yamefumana, kila mmoja anapiga honi na hakuna wa kuwapanga, na mkono wake ukainuka wenyewe. Alisimama labda dakika kumi. Chini, motard mmoja, mwendesha pikipiki ambaye Raphaël alikuwa amemsumbua mara nyingi aliinua kichwa, akaiona sura anayoijua, akahesabu ghorofa. Hakujua jina wala mlango. Alijua jengo.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, jengo lilizingirwa. Watu wote walishushwa uani, wengine na mswaki mdomoni, watoto na blanketi. Walihesabiwa mmoja mmoja dhidi ya liste, wakatimia. Wanaume wenye bunduki walipanda juu, wakageuza magodoro, wakafungua makabati. Kwenye nyumba za chini walichoma plafond kwa mitutu. Walipofika ghorofa ya nne walikuwa wamechoka, wakatazama chini ya kitanda cha Barthélemy na nyuma ya rideau la dirisha, wakashuka. Mzee alikuwa amesimama uani na pijama yake.

Mkubwa wao alikuwa kijana mpole, sauti ya chini, viatu safi. Alisema wanajua kuna polisi wa roulage ndani ya jengo hili, ambaye hayumo kwenye liste. Akauliza nani alisaini. Mapendo akatoka mbele, kitenge kimefungwa juu ya nguo ya kulalia.

Yule kijana akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa umeandika P.O. Ni kitu gani?"

"Par ordre, afande."

"Niambie kwa Kiswahili."

Mapendo alifikiri. Alikuwa mshonaji, si mfasiri, na alitaka kujibu sawasawa. "Kwa amri," akasema.

"Amri ya nani?"

"Ya président. Ni bwana yangu."

"Yuko wapi?"

Hapo aliliona shimo, lakini mguu ulikwisha kuingia. "Shabunda," akasema.

Shabunda ilikuwa upande wa pili, mikononi mwa wale waliokuwa wanapigana na hawa. Sasa hesabu ikawa rahisi kwa mtu mwenye bunduki: kuna mkubwa kule kwa adui, anatoa amri, na kwa amri yake hapa mjini inaandikwa liste inayoficha polisi. Yule kijana aliikunja karatasi polepole na kuiweka mfukoni.

Majirani wote waligeuka kumtazama Barthélemy. Alikuwa inspekta wa Kifaransa. Maneno kumi yangetosha: kwamba par ordre si amri ya vita, ni neno la makatibu, maana yake ni kwa niaba tu, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, kwamba yeye ndiye makamu. Salima, aliyekuwa ameapa kutozungumza mbele ya buti, alisema kwa sauti ndogo, "Papa, mufasirie."

Barthélemy alifungua mdomo. Yule kijana akamwona.

"Na wewe mzee, ni nani katika komite?"

"Niko retraité, afande," Barthélemy akasema. "Mambo ya komite sijue."

Watu kumi na zaidi walilisikia jibu lile, na hakuna aliyelisahihisha, maana kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kulinda. Mapendo alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Yule kijana alimuuliza mara ya mwisho, polisi yuko wapi, na Mapendo, ambaye kwa neno moja na kidole kimoja angerudi jikoni kwake kuwachemshia wanawe uji, akajibu kwamba hajui. Wakampandisha gari. Lydie alikimbia mpaka getini na Assani akamshika.

Wasichana wakalala kwa Salima. Siku ya nne Salima na Barthélemy walikwenda ofisini kwa wale watu, wakasubiri tangu asubuhi mpaka saa tisa. Yule kijana mpole aliwapokea vizuri, akawapa hata viti. Alisema hawana shida na mwanamke. Wanamtaka mwenye kutoa amri. Siku président atakaposimama hapa mbele yake kwa miguu yake, mama atarudi nyumbani. Salima aliomba kumwona, akakataliwa. Aliomba kumwachia nguo, nguo zikapokelewa na kuwekwa chini ya meza, juu ya nguo za watu wengine.

Walirudi kwa miguu. Getini Salima akasimama. Alimwambia kwamba wanaweza kuitisha mkutano leo hii, kumwondoa Luc, kuchagua président aliye hapa mjini, mtu mzima wa kuheshimika, akaenda akajieleza na kueleza maana ya zile herufi mbili. Labda wangemkubali huyo. Hakutaja jina. Hakuwa na haja.

Barthélemy alimjibu kwamba sheria inataka tangazo la siku kumi na tano.

Salima akapanda ngazi, na tangu siku ile hakumsalimia tena.

Raphaël alikuwa ameyasikia yote ya uani kupitia mabati. Jioni hiyohiyo alishuka kutoka kwenye plafond, akanyoa ndevu, akavaa viatu, viatu ambavyo hakuvivaa tangu mwezi wa pili. Alisema, "Papa, ntaenda. Wako wananitafuta mie." Baba akafunga mlango kwa ufunguo na kusimama mbele yake, mikono imetanuliwa. Alisema amemzika mama wa Raphaël, amewazika ndugu zake yeye mwenyewe wawili wa Kabare, na kwamba hatafanya kazi ile ya kuzika tena. Raphaël angemsukuma kwa mkono mmoja, mzee alikuwa mifupa mitupu. Hakumsukuma. Aliketi chini sakafuni na viatu vyake, akalia, na baba yake pia akalia, na kila mmoja alijua kuhusu mwenzake jambo ambalo asingependa kulijua.

Siku ya tisa, Jumatano, yapata saa nne asubuhi, simu ya Barthélemy ililia. Namba hakuijua. Upepo mwingi, sauti inakuja na kwenda.

"Allô, papa Barthélemy? Ni Luc."

Alikuwa amefika Mwenga, njiani kurudi Bukavu. Siku kumi na moja alitembea kwa miguu na wabeba mizigo, akavuka mito miwili kwa kamba, akapata homa, akapona. Aliyaeleza yale kwa furaha ya mtu aliyechoka na mabaya yake yamebaki nyuma. Simu ya Mapendo alikuwa anaipiga tangu wiki iliyopita na haipiti, akadhani ni umeme, ndipo akakumbuka namba ya mzee. Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa na aibu kidogo.

"Mapendo aliniambiaka juu ya ile cheo. Aksanti kwa kunifikiria, papa. Mie mutu wa kuzunguka mu pori. Wenzangu ya huku sasa wako wananiita Président."



Luc akaendelea. Mwenga alikuwa na binamu mwenye nyumba, angeweza kungoja kwake hata miezi miwili mpaka mambo yatulie. Watu walikuwa wanamtisha juu ya vizuizi vya njiani, kwamba mwanamume anayetoka Shabunda anaulizwa mengi. Kwa upande mwingine alikuwa amewakumbuka watoto. Alisema kichwa chake mwenyewe kimechoka, hakiamui tena.

"Wewe uko muzee yetu," akasema. "Unaona nikuye, ao nibakie kwanza?"

Raphaël alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe mkononi. Simu ilikuwa na sauti kubwa, alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama baba yake na kutikisa kichwa, hapana, mara moja, kisha tena kwa nguvu, machozi yamejaa macho. Barthélemy alimtazama mwanawe: shavu lililonyolewa, mikono iliyokonda, shingo ya mama yake. Kisha akamgeuzia mgongo, akaelekea dirisha la upande wa ziwa.

"Kuya, Président," akasema. "Bibi yako iko anakungojea."

"Aksanti, papa," Luc akasema. "Aksanti sana."